Utatuzi wa Matatizo ya Tangi Dogo la Matumbawe Laini Mbali na Bahari

Tangi la maji ya chumvi la lita 20 au 30, lenye matumbawe laini machache, konokono wawili watatu na pengine kamba mmoja, linaweza kustawi vizuri Kampala, Jinja au Mbarara, ingawa bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Matumbawe laini ni wavumilivu kuliko yale magumu yanayojenga miamba, na kwa kawaida si wao wanaomshinda mfugaji. Kinachomshinda ni vitu vinavyolizunguka tangi: maji ya kujazia, umeme unaokatika, hewa ya chumbani, na mwinuko wa nchi yenyewe. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili inayoelezwa hapa chini, uchunguzi unaanzia nje ya kioo kabla ya kuingia ndani, na dawa za chupa zinawekwa mwisho kabisa, kama zinahitajika.

Kabla ya dalili yoyote: je, kipimo chenyewe ni cha kweli?

Vipimo vinavyofaa matumbawe laini vinajulikana na havina ubishi mkubwa: uchumvi wa sehemu 35 kwa elfu, ambao ni sawa na uzito linganishi wa 1.025 hadi 1.026, joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, ualikali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) wa dKH 7 hadi 10, dKH ikiwa ndiyo kizio chake, kalisi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, naitreti kati ya miligramu 5 na 20, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Amonia na naitraiti zisionekane kabisa. Hata hivyo, vipimo hivi havina maana iwapo chombo kinachovisoma kimepotoka, na chombo kinachopotoka mara nyingi zaidi ni kile cha uchumvi.

Haidromita ya plastiki yenye mshale unaoelea hudanganywa na kiputo kimoja tu cha hewa kilichonasa chini ya mshale: mshale unainuka, mfugaji anaamini kwamba maji yana chumvi nyingi, anayapunguza makali, na baada ya siku chache matumbawe yanaanza kuvimba na kulegea. Refraktomita, chombo kinachosoma uchumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda katika tone la maji, ni bora zaidi, lakini nayo isirekebishwe kwa maji yasiyo na chumvi peke yake, kwa kuwa chombo kinachosoma sifuri sawasawa kinaweza kukosea sana kinapofika 35. Myeyusho wa kurekebishia unauzwa, na usipopatikana unaweza kutengenezwa nyumbani kwa mizani ya jikoni iliyo sahihi: gramu 36.5 za chumvi ya mezani katika gramu 963.5 za maji yaliyosafishwa. Tone la myeyusho huo likiwekwa kwenye refraktomita ya maji ya bahari, mstari wa buluu unapaswa kukaa kwenye 35. Usipokaa hapo, geuza skrubu mpaka ukae, kisha pima tangi lako upya kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Matatizo mengi huishia hapa.

Kanuni ya pili ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadili maji, kupunguza taa, kuhamisha matumbawe na kumimina dawa jioni ileile hatajua kamwe ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichodhuru.

Matumbawe yote yamenywea kwa pamoja

Aina zote zinapojifunga siku moja, yaani Zoanthus wamefumba, Sarcophyton ameinama na Discosoma wamejikunja kama vitufe, tatizo ni la maji au la hewa, wala si la tumbawe lolote. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni maji yaliyopotea kwa mvukizo. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki. Tangi lenye lita 20 za maji kwa uchumvi wa 35 likipoteza lita 2 bila kujaziwa, uchumvi wake unafika karibu 39. Na kupoteza lita 2 si ajabu kwa siku tano za msimu wa kiangazi, madirisha yakiwa wazi na feni inazunguka. Tiba yake ni kujazia kila siku kwa maji safi yasiyo na chumvi hadi kwenye alama iliyochorwa kwenye kioo. Ikiwa uchumvi umepanda sana, usiushushe kwa mara moja. Punguza sehemu moja au mbili kwa elfu kwa siku, kwa sababu kiumbe kilichozoea 39 kitaumizwa na 35 ya ghafla.

Kosa la kinyume chake hutokea mtu mwingine anapoachiwa tangi. Umesafiri kwenda kijijini wikendi, ukirudi unaambiwa kwa nia njema kabisa, "Mzee, maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza yale ya ndoo," na ndoo iliyokuwa karibu ndiyo ile ya maji ya chumvi yaliyotayarishwa kwa ajili ya kubadilishia. Kila lita iliyojaziwa kwa maji ya chumvi imeongeza chumvi juu ya chumvi. Andika kwa wino usiofutika kwenye mitungi yako, mmoja KUJAZIA na mwingine KUBADILISHIA, na uiweke mbalimbali.

Uchumvi ukiwa sawa, uliza kama kuna mtu aliyepuliza dawa ya mbu chumbani. Swali hili ni zito katika nchi yetu, ambako kupuliza dawa jioni au kuwasha koili ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi. Dawa nyingi za aina hiyo zina pairethroidi, kemikali ambazo mwili wa binadamu huzivumilia kuliko kamba, kaa na samaki, na kiasi kidogo mno huweza kuwaua. Kinachozidisha hatari ni pampu ya hewa, kwa kuwa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Ukikuta kamba amelala ubavu huku miguu ikitetema, na kaa akitupatupa viungo bila mpango, usipoteze muda kupima naitreti. Fungua madirisha, zima pampu ya hewa mpaka hewa isafike huku pampu ya mkondo ikiendelea, weka kaboni amilishi mpya (mkaa maalumu unaonyonya kemikali majini) kwenye chujio, na ubadilishe robo ya maji. Baada ya hapo, chandarua kitumike katika chumba hicho badala ya dawa.

Chanzo cha tatu ni joto. Hali ya hewa ya Kampala inapotosha kwa upole wake: mchana unaweza kufika nyuzi 28 au 29, usiku ukashuka hadi 17 au 18, na maji machache hufuata hewa upesi kuliko maji mengi. Kwa hiyo hita inahitajika hata kwenye mji ulio karibu kabisa na ikweta, na huko Kabale haina mjadala. Hita yenyewe ikwame ikiwa imewaka, lita 20 zitapikika usiku mmoja. Ndiyo sababu hita ndogo ya wati 25 ni salama kuliko ya wati 100 katika tangi la ukubwa huu. Tangi lililo mbele ya dirisha linalopigwa na jua la asubuhi au la jioni lihamishwe, hata kama mahali hapo panapendeza.

Tumbawe moja tu linaonekana kuugua

Hapa subira inahitajika kuliko dawa. Sarcophyton, tumbawe lenye umbo la uyoga mkubwa wa ngozi, mara kwa mara hufunga polipu zake zote (vinywa vidogo vyenye minyiri vilivyoota juu ya mwili wake), uso wake ukawa laini na wa kung'aa kana kwamba umepakwa nta, kisha baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi, ngozi nyembamba hubanduka kwa vipande na kupeperuka majini. Huko ni kujisafisha, si ugonjwa. Namna ya kumsaidia ni kuelekeza mkondo wa maji ili ngozi ile isimng'ang'anie, kwa sababu ikibaki mahali pamoja takataka na mwani hushika juu yake na nyama ya chini huanza kuoza. Dalili ya hatari ni harufu mbaya na sehemu inayogeuka kahawia au nyeusi na kumomonyoka ukiigusa. Hiyo ikatwe kwa wembe safi hadi kwenye nyama nzima, nje ya tangi, na kipande kizuri kirudishwe mahali penye mkondo.

Zoanthus wakifumba kwa siku nyingi wakati majirani wao wamefunguka, wachunguze usiku kwa tochi nyekundu. Kuna konokono wadogo wa bahari wasio na gamba ambao hula Zoanthus na kuchukua rangi ya chakula chao, hata jicho lisilozoea likadhani ni polipu nyingine. Huondolewa kwa kibano, na mayai yao, ambayo hujiviringisha kwenye shina la polipu, hukwanguliwa. Kabla ya kuwashika soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu, maana Zoanthus na ndugu zao si viumbe vya kushikwa ovyo.

Xenia ni tofauti: huweza kustawi kupita kiasi kwa miezi, kisha koloni nzima ikayeyuka kwa siku mbili. Visababishi vinavyofahamika ni mabadiliko ya ghafla ya uchumvi au joto, na wakati mwingine maji yaliyo safi mno kiasi cha kutokuwa na chakula. Maoni yangu ni kwamba Xenia asiwe tumbawe la kwanza la mtu yeyote mwenye tangi dogo, kwa sababu akistawi anafunika mwamba mzima, na akifa anaoza wote pamoja na kuwaachia wengine amonia.

Kisha kuna vita ambavyo havionekani. Matumbawe laini hayana miiba mirefu ya kupigania nafasi, badala yake mengi hutoa kemikali majini ili kuwazuia majirani wasikue. Baharini kemikali hizo hupotea, lakini katika lita 20 hazina pa kwenda. Ikiwa Sarcophyton na Sinularia wanakua vizuri huku aina nyingine zikidumaa bila sababu yoyote inayopimika, weka kaboni amilishi na uibadilishe kila baada ya wiki tatu au nne, na uwatenganishe angalau kwa upana wa kiganja. Usiendelee kuongeza aina mpya kwa kuwa tu kuna nafasi kwenye mwamba.

Mwani umefunika mchanga, mwamba na kioo

Kwanza utambue ni mwani gani. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, katika tangi lenye wiki chache tu, ni daiatomu. Hula silika, na kwa kawaida hutoweka silika ikiisha. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama kitambaa ni bakteria wa siano, ambao hupenda pembe zisizo na mkondo zilizojaa takataka. Wafyonze kwa mpira, elekeza mkondo pale, na upunguze chakula. Nywele za kijani zinaashiria fosfeti na naitreti nyingi. Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo vya hewa, inayopungua usiku na kurudi mchana, mara nyingi ni dainoflajelati, na hapo ndipo wengi wanapoharibu zaidi: wanabadilisha maji kila siku, ilhali dainoflajelati hushamiri naitreti na fosfeti zinapokuwa sifuri. Kwa hao acha kubadilisha maji kwa muda, lisha zaidi kidogo, na uache naitreti ipande hadi 5 na fosfeti hadi 0.05 ili viumbe wengine wapate nguvu ya kushindana nao.

Kwa daiatomu zisizoisha na nywele za kijani zinazorudi, chanzo karibu kila mara ni maji ya kujazia. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na kusafishwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo huyatia klorini ili yawe salama kwa binadamu. Maji ya ziwa hilo kwa asili ni laini, hayana madini mengi, na hapo ndipo mtego ulipo: kipimo cha TDS huonyesha namba ndogo, na mfugaji huridhika kwamba maji yanafaa. Lakini kipimo hicho husoma chumvi zilizoyeyuka kwa jumla tu. Hakikuambii kama sehemu ya namba ile ni fosfeti au shaba, klorini hakiisomi, na silika karibu haionekani kwake kabisa. Kisima kirefu kina matatizo yake ya chuma na ugumu wa maji, nayo mvua iliyopita juu ya mabati huja na zinki na rangi ya paa. Maji ya chupa ya kunywa mara nyingi huwa yameongezwa madini, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuyaamini.

Jibu ni mtambo wa RO, unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, wenye resini mwishoni ya kunasa chumvi zilizobaki, unaotoa maji yenye TDS ya sifuri. Wengi huununua, huufunga, kisha hulalamika kwamba unatoa maji kidogo na tena machafu. Tazama geji ya msukumo. Utando wa kawaida wa nyumbani unahitaji karibu bar 3 hadi 4 ili kufanya kazi ipasavyo. Nyumba nyingi za mjini hapa hazipati maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba kuu. Hupata kutoka kwenye tangi la plastiki lililoinuliwa nje, na kila mita 10 za kimo hutoa bar 1 tu. Tangi lililo mita 5 juu ya bomba la jikoni linatoa nusu bar. Mshale wa geji utakuwa umelala karibu na sifuri, maji taka yatatiririka kwa wingi, na yale machache yanayopita yatabeba uchafu ambao utando ungeuzuia kama ungesukumwa vizuri, hivyo resini itaisha mapema. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ya volti 24, iliyofungwa kabla ya utando, inamaliza tatizo hilo. Asiyeweza kununua mtambo mzima anaweza kutafuta maji yaliyotoneshwa, yale ya maabara. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri yapimwe kwanza, na yaliyotiwa tindikali yasikaribie kabisa tangi.

Maji ya RO yakishathibitika, mwani uliopo hautakufa kesho yake. Mwamba na mchanga vilivyofyonza fosfeti kwa miezi huiachia polepole. Ng'oa kwa mkono, ongeza konokono, punguza taa hadi saa 8 kwa siku, na ungoje wiki kadhaa.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Uzito wa mwinuko huonekana hapa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25, kwenye usawa wa bahari, yanaweza kushika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa huo, na kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo kwa asilimia 12 au 13, maji yaleyale hushika chini ya miligramu 6. Miongozo iliyoandikwa kwa wakazi wa pwani haizingatii upungufu huo. Mchana matumbawe hutoa oksijeni kwa msaada wa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yao. Usiku viumbe vyote, mwani na bakteria pia, huitumia bila kuirudisha, na saa ya mwisho kabla ya mapambazuko ndiyo yenye upungufu mkubwa kuliko zote. Kwa hiyo, kwetu sisi, uso wa maji unapaswa kutikisika wakati wote, utando wa mafuta usiachwe juu yake, kifuniko kisiwe cha kioo kizima, na samaki wawe mmoja au wasiwepo kabisa. Katika lita 20 mimi napendelea wasiwepo.

Umeme ukikatika, upungufu huu huja haraka. Maji yaliyotulia huanza kuishiwa oksijeni baada ya saa chache, na joto hushuka baadaye. Kwa hiyo mkondo uokolewe kwanza na hita isubiri. Pampu ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe umeme unapozimika ni kinga ya bei nafuu kuliko zote. Aliye na inveta aangalie aina yake: inveta za bei rahisi ambazo mawimbi yake si laini hufanya pampu za sumaku zivume na kupata moto. Njia nyepesi zaidi ni kununua tangu mwanzo pampu ya mkondo ya volti 12 inayokubali kuunganishwa na betri ya sola. Wakati wa giza usilishe, wala usisogeze mwamba.

Umeme ukirudi kwa kishindo, volti zinaweza kuruka. Kaa dakika chache kabla ya kuwasha hita na taa, na uhakikishe kwamba taimu ya taa haijajipanga upya ikawaka usiku wa manane. Tumbawe linaloonekana kuchoka bila sababu huenda linamulikwa saa 16.

Rangi inapauka, au shina linarefuka

Tumbawe linalopauka na kunywea liko karibu mno na taa au lilipandishwa ghafla. Lishushe, na umpe siku za kuzoea. Linalorefuka shingo kuelekea juu na kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea linahitaji mwanga zaidi. Discosoma hupenda kivuli, Clavularia hupenda katikati, Sarcophyton huvumilia karibu popote. Kupauka kwa matumbawe yote kwa wakati mmoja mara nyingi ni suala la joto kuliko la taa.

Tangi jipya halitulii

Wiki nne hadi sita zikipita na amonia au naitraiti bado ipo, bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na hatimaye naitreti hawajakaa. Mara nyingi sababu ni klorini kutoka kwenye maji ya bomba, chupa ya bakteria iliyokaa kwenye joto njiani na dukani, au mwamba mkavu ambao haujawahi kupewa amonia ya kuwalisha. Tangi liko tayari pale unapotia amonia ya miligramu 2 kwa lita na kuikuta imetoweka yote, pamoja na naitraiti, ndani ya saa 24. Kumbuka kwamba naitraiti iliyobaki huvuruga kipimo cha naitreti na kuionyesha kubwa mno.

Ikiwa maji mapya hayatulii hata kidogo, uliza chumvi imetoka wapi. Chumvi ya akwariamu huagizwa kutoka nje na ni ghali, na ndiyo maana kila mara huzuka mtu wa kupendekeza chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese. Haifai. Ziwa lile ni la magadi: pamoja na chumvi ya kawaida lina kabonati na salfeti nyingi za sodiamu, ilhali matumbawe yanahitaji kalisi na magnesi kwa uwiano wa bahari. Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu na klorini tu pamoja na iodini kidogo. Hapa hakuna njia ya mkato. Punguza gharama kwa kupunguza ukubwa wa tangi. Lita 2 zinazobadilishwa kila wiki zinahitaji karibu gramu 75 tu za chumvi sahihi.

Mfuko ukifunguliwa ufungwe vizuri, kwa maana unyevu wa msimu wa mvua huigeuza chumvi kuwa jiwe, na jiwe hilo haliyeyuki sawasawa. Chumvi imiminwe kwenye maji, maji yasimiminwe juu ya chumvi. Mchanganyiko uzungushwe kwa pampu mpaka uwe angavu. Weupe kama maziwa unaobaki chini ya ndoo ni kalisi iliyoganda na kutoka kwenye maji, na ndoo hiyo haifai tena kwa matumbawe.

pH haipandi juu ya 7.8

Tafuta jiko la mkaa. Sigiri inayowaka kwenye ukumbi au chumba cha jirani hujaza hewa kwa kaboni dioksaidi, nayo huingia majini na kushusha pH hata kama ualikali uko sawa. Fungua dirisha, kwa faida yako na ya tangi. Usitie dawa ya kupandisha pH, kwa sababu itapandisha ualikali kupita kiasi huku chanzo kikiendelea kuwaka.

Mkono unapata ganzi

Ukihisi mchomo mdogo unapotia kidole chenye mkwaruzo ndani ya maji, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa tena. Mara nyingi kioo cha hita kimepasuka, au chumvi iliyokauka imetambaa kwenye waya hadi kwenye ekstensheni. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenda kwayo, ili tone la maji lidondoke sakafuni, na saketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini.

Ganzi ya midomo, ladha ya chuma mdomoni, kizunguzungu au maumivu ya misuli baada ya kushika au kukata Zoanthus na ndugu zao Palythoa ni jambo jingine na zito zaidi. Baadhi yao hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika maumbile, na huingia kwa jeraha, kwa jicho au kwa mvuke. Vaa glavu na miwani ya kinga kila unapowagusa, wakatie chini ya maji au wakiwa wameloa, usiusugue mwamba wao ukiwa mkavu, na kamwe usiuchemshe wala kuumwagia maji ya moto ili kuua kilichomo. Mwamba wa koloni iliyokufa uloweshwe kwenye myeyusho wa jiki nje ya nyumba, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki. Dalili zikianza, nenda hospitali bila kungoja asubuhi, na umwambie daktari waziwazi kwamba uligusa tumbawe lenye palitoksini, kwa kuwa huenda hajawahi kukutana na mgonjwa wa namna hiyo.